Karatasi ya asilimia 5, risiti zilizofutika na kauntabuku la fundi

Kila ukifika mwezi Mei, barua za safu hii zinageuka kuwa za kodi. Sababu inajulikana: mwaka wa mapato wa mtu binafsi unaisha Desemba 31, na ritani ya mwisho (taarifa ya mapato na kodi ya mwaka mzima) inatakiwa kufika TRA, Mamlaka ya Mapato, ndani ya miezi 6, yaani ifikapo Juni 30. Nimekaa na hesabu za watu hapa Dar es Salaam kwa miaka mingi, kwenye chumba kimoja Ilala chenye meza, feni na mafaili mpaka darini. Kujaza ritani kwa mtu aliyejiandaa huwa ni kazi ya asubuhi moja. Kutafuta karatasi ambazo hazikutunzwa ni kazi ya wiki tatu, na nyingine hazipatikani kabisa. Kwa hiyo leo naongelea karatasi. Nimechagua barua nne.

*Shikamoo mama. Nimeajiriwa kama afisa wa kompyuta kwenye kampuni moja, mshahara 1,200,000 kwa mwezi, kodi inakatwa hukohuko. Jioni na Jumamosi nafunga mitandao na kutunza kompyuta za maofisi madogo ya Sinza na Mwenge. Mwaka jana kazi hizo ziliniingizia 9,000,000. Wateja wote ni makampuni na wote walinikata asilimia 5, wakasema ni ya TRA. Nikajua yamekwisha. Sasa rafiki yangu anasema bado natakiwa kujaza ritani. Ni kweli? Na kama ni kweli, nibebe karatasi gani? — Kijana wa Sinza*

Marahaba mwanangu. Rafiki yako amesema kweli, na amekusaidia kabla mambo hayajaharibika.

Mtu mwenye mshahara tu wa mwajiri mmoja hana haja ya ritani, PAYE, ile kodi anayokata mwajiri kwenye mshahara, inammalizia. Wewe umetoka kwenye kundi hilo siku uliyopokea hela ya mteja wa kwanza. Hiyo 5% waliyokukata inaitwa kodi ya zuio, na kwa biashara ya huduma za kitaalamu kama yako ni malipo ya awali tu. Kodi yako kamili inapigwa kwa kujumlisha mshahara na faida ya kazi za pembeni, kisha unaondoa yote uliyokwisha kukatwa. Wala usidanganywe kwamba utaingia kwenye makadirio ya wafanyabiashara wadogo, yale ya kulipa kwa kuangalia mauzo peke yake. Huduma za kitaalamu na za kiufundi hazimo humo.

Nakupigia hesabu yako hapa, uone kila karatasi ina thamani gani.

Mshahara wako ukiondoa mchango wako wa hifadhi ya jamii, NSSF, wa 10% unabaki 1,080,000 kwa mwezi. PAYE yake ni 152,000, kwa mwaka 1,824,000. Tuseme kwenye kazi za pembeni ulitumia 2,400,000 kwa nyaya, vifaa, nauli, bando na sehemu ya gharama ya laptopu. Faida yako ni 6,600,000. Mshahara peke yake umeshavuka 12,000,000 kwa mwaka, kwa hiyo faida hii yote inaangukia ngazi ya juu, ya 30%. Hiyo ni 1,980,000. Ondoa 450,000 ulizokatwa na wateja, unabaki unadaiwa 1,530,000.

Sasa fika kwa ofisa huna risiti. Zile 2,400,000 hazihesabiwi, kodi inapanda kwa 720,000. Fika huna hati za kodi ya zuio, zile 450,000 hazikatwi. Deni linakuwa 2,700,000. Mtu yuleyule, kazi ileile, tofauti ya 1,170,000 kwa sababu ya karatasi. Karibu mshahara wako wa mwezi mzima.

Anza na hati za zuio, maana ndizo zinazokimbia haraka. Kila mteja aliyekukata alitakiwa kuipeleka hela hiyo TRA ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha, na akupe hati yenye jina lako, TIN yako (namba ya mlipakodi), kiasi cha malipo na kiasi alichokata. Chukua ankara zako zote za mwaka jana, zipange kwa mwezi, na mbele ya kila moja andika hati ipo au haipo. Zile ambazo hazipo, nenda mwenyewe. Usipige simu. Nenda asubuhi, uliza mhasibu, kaa kwenye benchi mpaka akutolee. Na kagua TIN kabla hujaondoka, tarakimu moja ikikosewa hela yako inaonekana ya mtu mwingine.

Nakusisitizia hili kwa sababu lilinipata. Mwaka 2016 niliandaa hesabu za kampuni moja ya mjini, jina lake halina haja hapa. Kazi ya 6,000,000, wakanilipa 5,700,000. Nilikuwa na furaha ya kulipwa, nikaondoka bila kuuliza hati. Juni ilipofika nilikwenda mara ya kwanza, mhasibu yuko safari. Mara ya pili, mhasibu ameacha kazi. Mara ya tatu nikakuta ofisi imehama na mlinzi hajui ilikohamia. Nililipa 300,000 kwa mara ya pili, na mwaka ule 300,000 ilikuwa ada ya mwanangu. Tangu siku hiyo, chini ya kila ankara yangu kuna sentensi moja: "Tafadhali ambatanisha hati ya kodi ya zuio pamoja na malipo." Nawe iandike. Mteja mwenye nia njema ataiona na kukumbuka.

Kwa mwajiri wako omba taarifa ya mwaka mzima: mshahara ghafi, mchango wa NSSF na PAYE ya kila mwezi. Ilinganishe na slipu zako 12. Kama unakatwa mkopo wa elimu ya juu, usiuweke kwenye makato yanayopunguza kodi. Ule ni deni lako binafsi, sheria ya kodi haiutambui kama gharama ya kupata kipato.

Laptopu iache kidogo, nayo ina utaratibu wake. Huwezi kuitoa yote mwaka ulioinunua. Kompyuta zinachakaa kwa 37.5% kwa mwaka, kwa hiyo ya 2,000,000 inakupa 750,000 mwaka wa kwanza, na mwaka unaofuata unapiga 37.5% ya kilichobaki. Ndiyo maana risiti yake itunzwe zaidi ya zote, utaihitaji tena mwakani na mwaka wa keshokutwa. Kama unaitumia pia kuangalia mpira na familia, gawa, uweke sehemu ya kazi tu.

Mwisho kwako, TIN yako ikiwa bado ni ile isiyo ya biashara, nenda ukaibadilishe. Namba inabaki ileile. Kuanzia hapo utapeleka makadirio ifikapo Machi 31 na kulipa kwa awamu nne, Machi, Juni, Septemba na Desemba, badala ya kukutana na 1,530,000 kwa mkupuo. Mwaka huu Machi imeshakupita, kwa hiyo waeleze ukweli na uulize riba imefika ngapi. Ukikaa kimya, adhabu ya kuchelewa inahesabiwa kila mwezi.

*Habari za kazi dada. Mimi ni fundi cherehani Buguruni, nina wasichana wawili. Kwa mwaka napata mauzo ya kama 9,000,000. Kila mwaka nakadiriwa 250,000. Jirani yangu mwenye mauzo kama yangu analipa 150,000. Nimeumia. Je, ananunua maofisa? Pia nimetunza risiti za vitambaa kwenye boksi la viatu lakini nimefungua nimekuta nyingi ni nyeupe. — Fundi, Buguruni*

Nzuri dada yangu, pole na kazi. Jirani yako hajanunua mtu. Jirani yako ana daftari.

Kwa mfanyabiashara mwenye mauzo kati ya 7,000,000 na 11,000,000 kuna njia mbili. Asiyetunza kumbukumbu analipa 250,000 moja kwa moja. Anayetunza analipa 90,000 pamoja na 3% ya mauzo yanayozidi 7,000,000. Kwa mauzo yako ya 9,000,000 ziada ni 2,000,000, asilimia 3 yake ni 60,000, jumla 150,000. Ndiyo hesabu ya jirani yako mpaka shilingi ya mwisho. Kauntabuku la kurasa 200 linakuokolea 100,000 kila mwaka.

Nilikuwa na mteja fundi kama wewe, pale Tandika. Daftari lake lilikuwa zuri kiasi kwamba nililionyesha wengine. Kila ukurasa siku moja. Kushoto tarehe, jina la mteja, nguo gani, bei, amelipa ngapi, bado ngapi. Kulia alichotoa siku ile: uzi, zipu, vifungo, umeme, chakula cha wasichana. Jioni kabla ya kufunga alijumlisha kwa kalamu nyekundu na kuweka saini. Wateja wanaodaiwa aliwawekea nukta pembeni, wakilipa anaizungushia duara. Hakuwa amesoma uhasibu, alimaliza darasa la saba. Ofisa wa kodi alipokaa naye alifungua kurasa nne tano tu akaridhika, maana daftari la kweli linajulikana: wino unabadilika, siku nyingine zina mafuta ya mashine, sikukuu ya Idi inaonekana kwa ukurasa uliojaa, na Januari inaonekana kwa ukurasa mtupu. Daftari lililoandikwa lote usiku mmoja kwa kalamu moja nalo linajulikana.

Anza leo, dada. Usisubiri Januari. Na tenga laini moja ya simu kwa malipo ya wateja peke yake. Hela ya shemeji ikipita kwenye laini hiyohiyo na hela ya gauni, siku ukiombwa taarifa ya miamala utashindwa kueleza ipi ni mauzo.

Sasa boksi la viatu. Zile risiti za mashine ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, hazina wino. Karatasi yake inaandikika kwa joto, na joto hilohilo ndilo linaloifuta. Ukiiweka juu ya dashibodi ya bajaji, karibu na pasi, au kwenye mkoba unaolala juani, ndani ya miezi michache inabaki nyeupe. Kwa ufundi wako pasi iko mezani siku nzima, sishangai. Chukua zile zilizofifia, ziegemeze upande kwenye mwanga wa dirisha. Mara nyingi namba za chini bado zinasomeka, na kwa namba ya uhakiki pamoja na muda wa risiti unaweza kuitafuta kwenye mfumo wa TRA wa kuhakiki risiti. Zile zisizosomeka kabisa, rudi kwa muuza vitambaa uombe nakala kama bado anakukumbuka.

Kuanzia sasa piga picha kila risiti siku hiyohiyo, na nyuma yake andika kwa penseli ni ya nini: "kitenge, sare za harusi ya Vingunguti." Toa fotokopi za zile kubwa. Usizipeleke kwenye mashine ya kuweka plastiki, zitatoka nyeusi tii. Nimewahi kuletewa bahasha nzima ya risiti zilizowekwa plastiki kwa gharama kubwa, hakuna hata moja iliyosomeka, na mama mwenyewe alikaa kwenye kiti akalia.

Na unaponunua Kariakoo, taja TIN yako kabla muuzaji hajabonyeza mashine, na angalia kiasi. Umetoa 480,000 unaandikiwa 48,000, unacheka unachukua kwa sababu unataka kuwahi gari. Hiyo 432,000 umeshaipoteza kwenye kumbukumbu zako, na muuzaji ameificha kwa jina lako. Ikatae palepale kwa upole, mwambie, "Kaka, niandikie nilichokulipa."

Sheria inataka kumbukumbu zikae miaka 5. Boksi la viatu linatosha kama ni boksi moja kwa mwaka mmoja, lina mwaka juu yake, na liko mbali na pasi.

*Shikamoo. Mume wangu alifariki mwaka juzi akaniachia nyumba Mbagala yenye vyumba sita na fremu moja. Fremu amepanga mwenye duka la dawa, ni kampuni. Anakata 10% kila anapolipa kodi ya pango na hati anatoa kwa jina la marehemu. Mirathi bado hatujafungua. Nifanye nini? — Mama wa Mbagala*

Marahaba mama, na pole sana na msiba.

Kabla ya kodi kuna mirathi. Itisheni kikao cha familia, andikeni muhtasari, mpendekeze msimamizi, nendeni Mahakama ya Mwanzo na cheti cha kifo. Msimamizi akishateuliwa, barua ya uteuzi ndiyo funguo ya milango yote: benki, ardhi, na TRA pia. Aende nayo TRA awaarifu kwamba mlipakodi huyo amefariki, na aulize kama ameacha madai, maana msimamizi ndiye anayesimama mahali pa marehemu kwa kodi zilizobaki.

Hati zilizokwisha kutolewa kwa jina la marehemu zihifadhi zote, usimrudishie mpangaji wala usiombe azifute. Ni ushahidi kwamba pango lile limekatwa kodi. Msimamizi akishateuliwa na mahakama, andikishianeni mkataba mpya wa fremu kwa jina la msimamizi na TIN yake, ulipiwe ushuru wa stempu, ambao ni 1% ya pango la mwaka. Kuanzia hapo hati zitoke kwa jina hilo. Kwa wapangaji wa vyumba, anza kuwapa stakabadhi za kitabu, hata kama miaka yote mzee alikuwa akipokea mkononi barazani. Utahitaji kujua kila chumba kimeingiza nini, na watoto wa marehemu nao watahitaji kujua. Mama, nimeona familia nyingi zikigombana kwa pango lisiloandikwa kuliko kwa nyumba yenyewe.

*Mama mambo vipi. Nilichukua TIN kwa ajili ya leseni ya udereva tu. Nimeajiriwa, ni dereva wa kampuni. Kuna mtu mtaani anasema kila mwenye TIN lazima ajaze ritani, ananiomba 50,000 anijazie. Nimpe? — Dereva, Ubungo*

Usimpe. TIN ya leseni ya udereva ni TIN isiyo ya biashara, na mshahara wako umeshalipiwa kupitia PAYE. Kama mwajiri ni mmoja na huna kipato kingine, huna ritani ya kujaza. Ukiongeza mwajiri wa pili, huyo wa pili anatakiwa kukukata 30% tangu shilingi ya kwanza, basi usishtuke ukiona slipu yake.

Jambo moja tu lihakikishe mwenyewe. Jikumbuke: uliwahi kuitumia namba hiyo kufungua kibanda, genge, au kukata leseni ya biashara ukaacha baada ya miezi miwili? Vijana wengi wamefanya hivyo, wakafunga banda bila kumwambia mtu, na kwenye vitabu vya TRA biashara bado iko wazi na makadirio yanaendelea kuandikwa. Nenda ofisi ya TRA ya eneo lako na kitambulisho cha NIDA, uliza hali ya namba yako. Kuuliza hakulipiwi. Ikikutwa wazi, andika barua ya kuifunga ukiwa palepale, taja tarehe uliyoacha biashara, ambatanisha leseni ya zamani kama bado unayo, na uondoke na nakala iliyogongwa muhuri wa mapokezi.